Bungu Ndani ya Glasi: Mwongozo wa Mvinyo Mweupe kwa Ulimi wa Mrufiji

Mgeni ameketi barazani, anautazama Mto Rufiji. Viboko wameanza kukoroma, jua linazamia porini, naye anafungua orodha ya vinywaji. Kidole kinateremka kwenye mistari sita ya mvinyo mweupe, kinasimama, kisha anakuinulia macho: "Huu una ladha gani?"

Wahudumu wengi hujibu neno moja: mzuri. Akionyesha mstari wa pili, nao ni mzuri. Wa tatu pia. Mwishowe mgeni anachoka, anaagiza bia.

Mwongozo huu ni wako wewe kijana wa Mloka, Ikwiriri, Kibiti au Nyamisati uliyepata kazi kwenye kambi ya watalii karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au hotelini Mafia, au Dar es Salaam. Ni wako pia wewe unayesimama mbele ya rafu dukani ukashindwa kutofautisha chupa na chupa. Kitu wanachokiita mvinyo kwenye magazeti, divai kanisani na waini baa ni kimoja. Hapa nitatumia mvinyo.

Wengi wetu huku hatunywi kileo, wengine kwa dini, wengine kwa hiari. Mwongozo huu haukudai unywe. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, na pua inaweza kujifunza peke yake. Na kama imani yako haikuruhusu hata kuibeba chupa, mweleze mwajiri siku ya kwanza ya kazi. Ni heri mkubaliane mapema kuliko mgeni awe anasubiri mezani.

Shida ya vitabu vya mvinyo ni kwamba vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wakalinganisha kila kitu na matunda ya bustani zao. Kijana wa mji wa Bungu anakariri majina ya matunda ambayo hajawahi kuyaona, anayasema mezani kama kasuku, na mgeni akiuliza swali la pili anakwama. Lakini ulimi wako umekulia kwenye ndimu, ukwaju, mabungu, mabibo, mapera, maembe na madafu. Karibu ladha zote za mvinyo mweupe umeshazionja kabla hujaanza shule. Kilichobaki ni kujua ladha ipi iko kwenye chupa ipi.

Anza na mgema

Hata asiyeonja tembo amemwona mgema. Anapanda mnazi alfajiri, anakata ncha ya karara changa, anafunga kibuyu au dumu, utomvu unadondoka taratibu. Likishuka asubuhi, tembo ni tamu kama maji ya sukari. Chachu zilizo hewani na ndani ya kibuyu zinaanza kuila ile sukari, na katika kuila zinatoa vitu viwili: kileo, na hewa inayofanya povu. Jioni utamu umekwenda, ukali umepanda. Likilala siku mbili tatu, linaelekea kuwa siki.

Mvinyo hupita njia hiyohiyo, ila unaanzia kwenye maji ya zabibu, na mtengenezaji ndiye anayeamua mwendo usimame wapi. Akiziacha chachu zile sukari yote, anapata mvinyo usio na utamu. Chupani wataandika "dry". Wapo wanaolitafsiri neno hilo "mkavu", na anayelisikia mara ya kwanza hushangaa kinywaji kikavu kinakuwaje. Wewe kumbuka tembo la jioni: sukari imeliwa. Kifaransa huandikwa "sec", Kiitaliano "secco", Kijerumani "trocken". Ukiona "medium" au "semi-sweet", sukari kiasi imebaki. Ukiona "sweet", "doux" au "dolce", umebaki utamu wa asubuhi, ingawa kileo nacho kimo. Ukijifunza maneno haya tu, umeshajibu nusu ya maswali ya wageni, kwa sababu swali la kwanza la wengi huwa ni tamu au si tamu.

Weupe nao unatoka wapi? Kamua zabibu nyekundu mkononi: mara nyingi maji yake hayana rangi. Rangi iko kwenye ganda. Kwa mvinyo mwekundu, maganda huachwa yachachuke pamoja na maji. Kwa mweupe, zabibu hukamuliwa na maganda huondolewa mapema, maji yakachachuka peke yake. Ndiyo maana mvinyo mweupe unaweza kutoka hata kwenye zabibu nyeusi.

Maneno manne ya kushika

Kabla ya majina ya chupa, shika maneno manne. Ukiwa nayo unaweza kuueleza mvinyo wowote.

*Utamu.* Ni ile sukari iliyosalia. Tahadhari: harufu ya embe bivu humfanya mtu adhani kinywaji ni kitamu kumbe hakina sukari hata chembe. Kama unaonja na una shaka, bana pua. Utamu wa kweli unabaki ulimini, utamu wa harufu unatoweka.

*Ugwadu.* Tia tone la ndimu ulimini. Mate yanachuruzika kutoka pembeni mwa mdomo. Ugwadu ndio uti wa mgongo wa mvinyo mweupe. Ukikosekana, kinywaji hupooza kama juisi ya embe iliyosahauliwa mezani. Mate yakitoka mengi, ugwadu ni mwingi.

*Ukakasi.* Tafuna bibo bichi au ndizi mbichi. Kinywa kinakauka, ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi. Ukakasi wa mvinyo hutoka zaidi kwenye maganda na mbegu za zabibu, kwa hiyo mwekundu unao mwingi na mweupe kidogo sana. Mgeni akisema mvinyo mwekundu unamkausha kinywa, mpeleke kwenye mweupe.

*Uzito.* Kunywa maji ya dafu, halafu onja tui la kwanza. Yote yametoka kwenye mnazi, lakini moja linapita kinywani kama halikuwepo, lingine linaukumbatia ulimi. Mivinyo myeupe imepangwa katikati ya hivyo viwili. Kileo kikiwa kingi, uzito nao huongezeka. Mingi huwa na asilimia 11 hadi 14, na idadi hiyo imeandikwa kwenye lebo.

Sauvignon Blanc: bungu na majani mabichi

Tamka "sovinyo blan". Huu ndio rahisi kuutambua kwa pua, kwa hiyo anzia hapa.

Pasua bungu, lile tunda, si mji. Kabla hujalitia mdomoni, ile harufu kali inayoushtua utosi ndiyo ya Sauvignon Blanc. Pasheni nayo imo humo, na hili si la kufananisha tu: kemikali zinazoipa pasheni harufu yake zimepatikana pia kwenye mvinyo huu. Chini yake kuna harufu ya kijani, ya majani yaliyofyekwa asubuhi au pilipili hoho mbichi iliyokatwa. Ugwadu wake ni wa ndimu kabisa, uzito mwepesi, na kwa kawaida hauna utamu.

Kwao ni Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire na kule Bordeaux. Aliyeutangazia ulimwengu ukali wake wa matunda ni New Zealand, hasa eneo la Marlborough, ambako mashamba makubwa ya mizabibu ya biashara yalianza mwaka 1973. Kwa kawaida chupa ya Ufaransa hunong'ona. Ya Marlborough hupiga kelele. Ya Afrika Kusini mara nyingi iko katikati.

Mwambie mgeni: hauna sukari, una ugwadu wa ndimu, unanukia pasheni na majani mabichi. Sentensi hiyo moja inatosha.

Chenin Blanc: pera, asali, na Dodoma

Tamka "shenen blan". Huu nitaukalia zaidi, maana ndiyo zabibu nyeupe inayotuhusu.

Chenin ni kama mpunga: upike wali mkavu, bokoboko au vitumbua, mmea ni uleule. Zabibu hii hutoa mvinyo usio na utamu, wenye utamu wa kati, mtamu kama asali, na hata wenye mapovu. Harufu yake ya msingi ni pera lililoanza kuiva na tofaa, ikifuatiwa na asali mbichi na nanasi kwa mbali. Kinachoufanya usimame ni ugwadu, ambao haukubali kufa hata zabibu zikiiva kwenye jua kali. Ndiyo sababu Chenin huvumilia nchi za joto.

Nayo ni mzaliwa wa Loire, lakini ilihamia Afrika ikazidi kwao: Afrika Kusini leo ina mashamba mengi ya Chenin kuliko nchi yoyote duniani, Ufaransa ikiwemo. Mizabibu ilifika Rasi ya Tumaini Jema na Waholanzi, na mwaka 1659 Jan van Riebeeck aliandika kwenye shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza umekamuliwa. Wakulima wa huko waliiita Chenin "Steen" kwa muda mrefu, wakidhani ni zabibu yao ya pekee. Kwa kuwa chupa nyingi kwenye rafu zetu hutoka Afrika Kusini, utakutana nayo mara kwa mara.

Sasa njoo Dodoma. Mizabibu ya dunia nzima kwa kawaida hulimwa mbali na ikweta, ambako baridi huilaza mimea kila mwaka. Dodoma iko kwenye nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Inaokolewa na mwinuko wake wa zaidi ya mita 1,000, usiku wenye ubaridi na kiangazi kirefu. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa kisu: akiupogoa, unachipua upya. Hivyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halijui kabisa. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walikuwa miongoni mwa waliopanda mizabibu ya mwanzo, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimetoa hata jina la zabibu nyekundu ya huko. Kwa nyeupe, Chenin Blanc ndiyo inayoongoza. Viwanda kama Alko Vintages na CETAWICO viko hukohuko Dodoma.

Kwa nini Kibiti hatulimi? Mzabibu hauogopi joto letu, unaogopa unyevu. Hewa nzito ya pwani huleta ukungu kwenye majani na vishada. Mnazi na mkorosho hupenda kile ambacho mzabibu unakichukia.

Mgeni kutoka Ulaya akikuuliza kama Tanzania ina mvinyo wake, hapo ndipo pa kung'aa. Mwambie kuna mvinyo mweupe wa Dodoma, zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ila soma lebo kwanza: mweupe wa Dodoma huuzwa ukiwa mtamu na usio mtamu, na mgeni aliyezoea usio na sukari akipewa mtamu atalaumu nchi nzima.

Chardonnay: nanasi na samli

Tamka "shadone". Hii ndiyo zabibu nyeupe iliyosambaa mno duniani, na ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu yenyewe haina harufu kali. Ni kama ugali: ladha yake inategemea unaula na nini.

Kwenye nchi ya baridi kama Chablis, Ufaransa, hutoa mvinyo mkali wa ndimu na tofaa la kijani, mwepesi, msafi. Kwenye nchi ya jua, kama California, Australia au Afrika Kusini, huiva na kutoa nanasi, embe na ndizi. Halafu kuna mambo mawili ambayo mtengenezaji huyaongeza.

La kwanza ni pipa la mwaloni. Mvinyo ukikaa humo hubeba harufu ya vanila, mkate wa kuchoma, na mara nyingine nazi iliyokaangwa. Ukinusa nazi kwenye Chardonnay, pua yako haijakosea. Mti ule una kemikali yenye harufu hiyo. La pili ni bakteria wanaogeuza ile asidi kali ya tofaa kuwa asidi laini kama ya mtindi. Hapo hutokea harufu ya siagi au samli, na uzito wa tui.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgeni anayetaka Chardonnay ni moja: "Unapenda wa pipa au usio wa pipa?" Lebo ikiandika "unwooded" au "unoaked", haukukaa kwenye mwaloni. Ukiuliza hivyo mgeni atajua kwamba unaijua kazi yako.

Kuna kisa kinachofaa kukumbukwa. Tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, waonjaji wa Kifaransa walipewa mivinyo bila kuonyeshwa chupa, wakaipa nafasi ya kwanza Chardonnay ya Chateau Montelena ya California mbele ya zile za nyumbani kwao. Mabingwa wale walipofichiwa lebo, ndimi zao zilisema kweli. Nawe usiogope lebo.

Pinot Grigio: maji ya dafu

Tamka "pino grijo". Ufaransa huitwa Pinot Gris, na wa eneo la Alsace ni mzito na wenye viungo zaidi. Lakini wengi wakiagiza wanamaanisha ule wa kaskazini mwa Italia: mwepesi, baridi, usio na utamu, wenye harufu ndogo ya ndimu, peasi na lozi.

Hapa hakuna fumbo. Huu ni dafu la mchana. Mgeni aliyetoka safari ya boti saa 7 mchana, shati limeloa jasho, hahitaji hotuba kuhusu mwaloni. Mpe huu, ukiwa baridi.

Riesling: ndimu na koroboi

Tamka "rizling". Kwao ni Ujerumani, hasa kwenye miteremko ya mto Mosel. Ugwadu wake ni mkali kuliko yote niliyoitaja, na kwa sababu hiyo hubeba sukari bila kuchosha, kama maji ya ndimu yaliyotiwa sukari sawasawa. Utakuta chupa isiyo na utamu kabisa na chupa tamu sana, zote zikiitwa Riesling. Tafuta neno "trocken" au "dry" kabla hujamwahidi mtu chochote. Zile tamu kiasi za Mosel huwa pia na kileo kidogo, hata asilimia 8 au 9.

Harufu ni ndimu, maganda ya chungwa, na maua. Chupa ikikaa miaka, huja harufu ambayo wageni huiita ya petroli na wengine huikimbia. Sisi tunaijua vizuri zaidi: ni koroboi iliyozimwa sasa hivi. Mvinyo haujaharibika. Kwa wapenzi wa Riesling, hiyo ni sifa.

Gewürztraminer na Muscat: shokishoki na marashi

La kwanza tamka "gevutstraminer", taratibu. Wageni wenyewe hujiuma ulimi. Ladha yake lakini ni rahisi: menya shokishoki, halafu nyunyiza marashi ya mawaridi kama kwenye maulidi. Umemaliza. Ugwadu wake ni mdogo, uzito mkubwa, na mara nyingi kuna utamu kidogo.

Muscat, ambayo Waitaliano huiita Moscato, ni miongoni mwa mivinyo michache inayonukia zabibu zenyewe, pamoja na asumini na chungwa. Moscato d'Asti huwa mtamu, wenye mapovu madogo na kileo cha asilimia 5 hivi tu. Anayesema "mimi sipendi mvinyo, ni mchungu" mara nyingi huupenda huu.

Wenye mapovu

Champagne ni jina la mahali, kaskazini mashariki mwa Ufaransa; chupa isiyotoka huko haistahili jina hilo, hata ikirusha kizibo hadi darini. Huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, ikalala juu ya chachu zake, ndiyo maana hunukia mkate na kinyunya cha maandazi kilichoumuka. Prosecco ya Italia hutoka kwenye zabibu iitwayo Glera, na nyingi huchachuka mara ya pili kwenye tangi. Ni nyepesi, ya peasi na maua. Neno "brut" maana yake sukari ni kidogo. Angalia hapa: "extra dry" kwenye chupa za mapovu ni tamu kidogo kuliko "brut". Wengi wamenaswa na hilo.

Msukumo ndani ya chupa ya Champagne unazidi mara mbili ule wa tairi la gari. Shika kizibo kwa leso, inamisha chupa pembeni pasipo na uso wa mtu, kisha zungusha chupa, si kizibo. Sauti nzuri ni pumzi, si mlio wa bunduki.

Mvinyo na sahani ya delta

Mikoko ya delta ya Rufiji inazidi hekta 50,000, na kwenye mizizi yake ndimo wanamokulia kamba na kaa. Kwa bahati, vyakula hivyo ndivyo vinavyoelewana zaidi na mvinyo mweupe. Kanuni ni ileile ya kukamulia ndimu kwenye samaki: ugwadu unakata mafuta na kuamsha utamu wa nyama.

- Kamba wa kuchoma kwa chumvi na ndimu: Sauvignon Blanc, au Chenin isiyo na utamu.
- Kamba au samaki kwenye mchuzi wa nazi: tui ni zito, hivyo tafuta mvinyo wenye uzito. Chardonnay ya pipa hukubaliana nalo, hata Chenin iliyoiva.
- Kaa wa kuchemsha: Chardonnay isiyo ya pipa, Pinot Grigio, au wenye mapovu.
- Chochote chenye pilipili nyingi: Riesling au Chenin yenye utamu kidogo. Kileo kingi huongeza moto wa pilipili. Sukari kidogo huupoza.
- Samaki wa kukaanga: wenye mapovu. Mapovu husafisha mafuta mdomoni.
- Embe na nanasi baada ya mlo: Moscato. Mvinyo uwe mtamu kuliko tunda, la sivyo utaonekana mchachu.

Joto letu na chupa yao

Mvinyo mweupe ni kama kamba: adui yake ni joto. Chupa zihifadhiwe gizani, mbali na jiko na bati, zisikae kwenye gari kutwa nzima. Zenye kizibo cha gamba zilazwe ili gamba lisikauke.

Myepesi, kama Sauvignon Blanc na Pinot Grigio, itolewe ikiwa nyuzi 7 hadi 10. Mizito, kama Chardonnay ya pipa, nyuzi 10 hadi 13. Ikiwa baridi kupita kiasi, harufu hulala. Wageni wakiwahi, usiichomeke chupa kwenye barafu tupu. Tia kwenye ndoo barafu, maji, na konzi ya chumvi. Maji hugusa chupa pande zote, chumvi huongeza baridi zaidi, na kwa robo saa hivi umepata.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5. Usijaze, acha nafasi ili harufu ikusanyike. Shika glasi kwenye mguu wake, maana kiganja hupasha. Mmiminie aliyeagiza kidogo kwanza. Hapo mgeni hapimi kama anaupenda. Anakagua kama umeharibika.

Nawe kagua kwa pua kabla yake. Harufu ya katoni iliyolowa au mkeka uliokunjwa ukiwa na maji ni ya kizibo kibovu: badilisha chupa bila mjadala. Rangi ya kahawia na harufu ya tofaa lililokatwa jana ni ya hewa iliyoingia. Harufu ya siki unaijua. Chupa iliyofunguliwa irudishiwe kizibo, ikae kwenye friji, na imalizwe ndani ya siku 3 hadi 5.

Mambo mawili ya mwisho hapa. Asiyefikisha miaka 18 hapewi, hata mzazi akikonyeza. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: usiisifu chupa. Sema kilichomo, mgeni asifu mwenyewe.

Mazoezi ya wiki moja bila kugusa kileo

Siku ya kwanza, nenda sokoni Kibiti au Ikwiriri, nunua ndimu, bungu na pasheni. Funga macho, nusa moja moja, mwenzako akuulize. Siku ya pili, pera bichi na pera bivu, pamoja na asali. Siku ya tatu, nanasi, embe, nazi ya kukaanga na samli. Siku ya nne, pilipili hoho, majani yaliyofyekwa, na koroboi iliyozimwa. Siku ya tano, marashi ya mawaridi, asumini, na shokishoki ukiipata. Siku ya sita, onja maji ya dafu, tui jepesi na tui zito, ukipima uzito tu. Siku ya saba, omba ruhusa kazini unuse glasi tatu za mivinyo tofauti, uandike kwenye daftari kile tu ulichokinusa. Ukinusa ukwaju, andika ukwaju. Usiandike ulichosoma.

Na siku mgeni atakapouliza kidole chake kikiwa kwenye Sauvignon Blanc, usikimbilie neno. Leta kisahani chenye bungu lililopasuliwa. Mwambie, "Nusa hili kwanza." Kisha mmiminie.